Pipa la Bluu la Mzee Chande

Shughuli nzima ilinigharimu mapipa saba mapya, jogoo mmoja, pesa ya ufuta ya msimu mzima na jino la mbele. Nimehesabu mara mbili, kama kawaida yangu, nikitumaini safari ya pili jino litakuwa limerudi. Halijarudi. Na hapo sijaweka maji ninayobeba kila asubuhi, maana kitu ambacho bado kinaendelea hakihesabiki, kinavumiliwa tu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia zimamoto sasa, mliovaa gwanda ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Mimi nilifanya kazi hiyo mpaka wakanistaafisha, katika kituo kidogo pwani ya Lindi, kando ya kiwanja ambacho mbuzi walitua mara nyingi kuliko ndege. Sasa niko Kikole, nalima korosho na ufuta, na moto ninaouzima ni wa jikoni kwangu. Kwa hiyo nina nafasi ya kusema.

Nianze na jambo litakalowafaa hata mkiacha kazi kesho. Moto wa mafuta haumwagiwi maji. Maji yanazama, mafuta yanaelea juu yake na moto umeyapanda mgongoni, na sasa badala ya kuungua sufuria inaungua nyumba. Sufuria ya mafuta ikiwaka, zima jiko, ifunike kwa mfuniko, kaa mbali, nyamaza. Sehemu ya kunyamaza ndiyo inayowashinda wengi.

Kwa moto mkubwa wa petroli au mafuta ya ndege, mfuniko wetu ulikuwa povu. Dawa yake ilikuja nzito, rangi ya asali, ndani ya mapipa ya bluu ya plastiki yanayomfika mtu kifuani. Kidogo tu ukichanganya na maji mengi, likatoka povu jeupe lililoteleza juu ya petroli na kuibana isipumue. Aliyenifundisha kulitumia ni Sajenti Chande, Mmatumbi mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu.

Siku yangu ya kwanza nililielekeza povu katikati ya moto kwa nguvu zote. Moto ukarukaruka, petroli ikatapakaa, nyusi zangu zikaenda zake.

"Wewe!" akafoka Chande. "Povu halirushwi, linatandikwa! Umemwona wapi mtu anamrushia mgonjwa shuka usoni? Mwaga pembeni, liteleze lenyewe."

Tangu siku hiyo nililitandika. Mpaka leo hata kitandani kwangu mke wangu hunisifu kwa shuka.

Chande alipima povu kwa kiganja. Analichota, anasubiri. Povu jepesi linakimbia kati ya vidole. Povu zuri linakaa pale pale kama shemeji aliyekuja kwa siku mbili. Na dawa yenyewe, kabla haijachanganywa, aliipima kwa ulimi. Anachovya kidole, anaonja, anatema. "Hii imeongezwa maji njiani," anasema, na mara nyingi tulikubali kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuonja ili abishe. Mimi nilionja mara chache, kwa ajili ya kupandishwa cheo. Glavu zilikuwepo kituoni, mbili, zote za mkono wa kushoto.

Msitushangae. Tuliambiwa ni kama sabuni, na sisi tukaichukua kama sabuni. Tulifulia gwanda. Tuliwaonyesha wanafunzi wa shule ya msingi jinsi ya kuzima moto, watoto wakaogelea kwenye povu mpaka mwalimu wa zamu naye akavua viatu, na mama mmoja akaja na ndoo akiomba tumwekee la kufulia kesho. Harusi zilipopamba moto baada ya mwezi wa Ramadhani, akina mama walituma watoto na vichupa: matone machache, na ukoko wa pilau uliogoma kwa steliwaya ukatoka wenyewe kwa aibu.

Kwa ajili ya harusi hizo tuliwahi kuumbuka. Alikuja mgeni mkubwa kukagua kituo, tukatakiwa tuwashe moto kwenye karai la mazoezi na tuuzime mbele yake. Tukafungua pipa, dawa imebaki ya kulamba. Mwenzetu mmoja akasema povu ni povu, akaleta sabuni ya unga. Tukakoroga. Likatoka povu jeupe, refu, la kupendeza, likafunika karai lote. Wageni wakapiga makofi. Ule moto ulikuwa na adabu: ulisubiri makofi yaishe, ndipo ukapanda tena, mkubwa kuliko wa mwanzo, na mgeni akarudi kwenye gari lake kwa mwendo ambao ratiba haikuutaja.

"Sabuni inaosha mafuta," Chande alituambia jioni ile, akikwangua masizi kwenye paji la uso. "Haiyafuniki. Ile dawa yetu ina kitu ndani yake ambacho sabuni haina."

Alisema kweli kuliko alivyojua.

Sasa mapipa. Pipa tupu la plastiki ngumu, lenye mfuniko wa kubana, huku kwetu ni mali. Linaweka maji, linaweka mbegu, panya analizunguka usiku kucha akilia. Kituo kiliyaona takataka, mimi niliyaona mahari. Kila lilipoisha pipa nililiomba kwa mkuu wa kituo, akafurahi kupata nafasi, nami nikalipakia kwenye lori la korosho linalorudi tupu na kulibadilisha kijijini: hapa kwa gunia la mpunga, pale kwa beberu, Njinjo kwa mche wa korosho ambao mpaka leo unazaa kuliko watoto wa mwenye shamba. Saba yalipita mikononi mwangu hivyo.

La nane halikupita kwangu. Hilo alilichukua Chande mwenyewe siku aliyostaafu, likiwa na dawa kidogo chini. Alilileta hapa Kikole kwa mkewe, Bi Somoe, akaandika jina lake ubavuni kwa msumari wa moto: CHANDE. Bi Somoe akaitumia ile dawa kwa masufuria ya harusi za kijiji kizima, na ilipokwisha akalisuuza pipa, akaliweka chini ya mchirizi wa bati na kulifanya la maji ya kunywa. Miaka ikapita. Chande akafariki, figo. Daktari hakusema zimeharibiwa na nini, nami sitasema kwa niaba ya daktari.

Mambo yalikuwa yametulia hivyo mpaka alipokuja Koplo Zaituni, binti wa zimamoto ya siku hizi, kwa bodaboda, amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani ameungua?"

"Hakuna, babu. Nimekuja kuuliza kuhusu ile dawa ya povu ya zamani." Akakaa. "Ina kemikali ambazo haziozi."

"Kila kitu kinaoza, mjukuu wangu. Mpaka korosho ghalani."

"Hizi haziozi. Ndiyo maana watu wanaziita kemikali za milele. Zinazama ardhini, zinaingia kisimani, zinaingia kwa samaki, na kwenye damu ya mtu zinakaa miaka. Wataalamu wanazihusisha na baadhi ya saratani, ile ya figo mojawapo, na mafuta kupanda kwenye damu, na chanjo za watoto kupungua nguvu, na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Povu tunalonunua sasa halina kemikali hizo. Lile la zamani ndilo lililojaa."

"Tukichemsha maji?"

"Ukichemsha, maji yanapungua, zenyewe zinabaki. Utakuwa umezipikia mchuzi."

"Zina harufu?"

"Hazina."

"Ladha?"

Akanitazama. "Babu, uliwahi kuonja?"

"Kikazi," nikasema.

Akanieleza kwamba kisima kilichokuwa karibu na karai letu la mazoezi wamekifunga, maji yake yamepelekwa kupimwa. Nikakumbuka mchicha tuliolima pale kando, ulivyokuwa unapendeza, na povu lilivyotelemka na mvua mpaka kwenye mikoko, na sisi tukisema angalau kaa wataoga. Nikauliza kuhusu mapipa.

"Ndilo hasa lililonileta. Kuna pipa lililobaki na sumu ya kutosha na kuna lililokwisha safika, na kwa macho hujui lipi ni lipi. Hakuna aliyeyapima. Lakini kama yanatumika kwa maji ya kunywa, hasa kwa mjamzito au mtoto mchanga, mimi nisingebahatisha."

"Na fungu la kununua mapya ya kuwabadilishia?"

"Tunalifuatilia, babu."

Nilifanya kazi serikalini, najua kasi ya neno hilo. Ufuta wangu ulikuwa umeshauzwa na pesa ilikuwa bado ina joto. Nikanunua mapipa saba mapya. Kwa nini saba na siyo manane? Kwa sababu la nane nilijua litahitaji kitu kingine.

Kukusanya yale saba ilikuwa somo la biashara. Ninyi mngedhani mtu anayekuja na pipa jipya kuomba la zamani atapokelewa kwa vigelegele. Jaribuni. Njinjo walinipa pipa haraka, kwa huruma, wakijua nimeanza kuzeeka kichwani. Lakini habari ikanitangulia, na nilipofika Mitole watu walikwisha kaa kikao. Mzee anazunguka anatoa mapya anachukua makuukuu? Basi kwenye makuukuu kuna kitu. Mmoja akasema zebaki. Mwingine akasema ni mali waliyoificha Wajerumani.

"Wajerumani waliificha kwenye plastiki?" nikauliza.

"Ndiyo werevu wao," akajibu mwenye pipa, akalikumbatia. Nilimweleza sumu, kemikali, damu, figo. Kadiri nilivyolisema vibaya pipa ndivyo alivyozidi kulipenda. Mwishowe akataka pipa jipya na jogoo juu yake. Nikatoa jogoo. Nasikia mpaka leo anajutia kwamba hakutaja ng'ombe.

Yakawa saba nyuma ya nyumba yangu. Likabaki la Bi Somoe, na hapo mchezo ukaacha kuwa mchezo. Binti yake, Mwajuma, alikuwa amerudi kwao kutoka kwa mumewe kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi, tumbo limeshafika mwezi wa nane. Anakunywa wapi? Kwenye pipa. Mtoto akizaliwa ataogeshwa wapi? Kwenye pipa. Mjukuu wa kwanza wa Chande, na mimi najua kilichokuwa ndani.

Nikaenda. Bi Somoe alikuwa anapeta mtama.

Lazima niwaambie kwamba ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu. Maana yake hatuna salamu ya kawaida.

"Karibu, mbwa wa zimamoto," akasema. "Nasikia unakusanya mapipa. Umefungua duka au umerogwa?"

"Nimekuja kwa wema, mtani. Nikuletee pipa jipya, jeusi, kubwa kuliko hili."

"Jeusi linapasha maji moto."

"La bluu pia lipo dukani."

"Lina jina la mume wangu?"

Nikamweleza yote aliyosema Koplo Zaituni, ambaye hata kwake alikuwa amepita. Nikataja mtoto. Bi Somoe alisikiliza huku akipeta, makapi yakinirukia usoni, na sidhani kama ni upepo uliochagua.

"Ongeza," akasema.

"Niongeze nini?"

"Wewe ndiye mfanyabiashara. Ongeza."

Nikaongeza sufuria. Nikaongeza kanga. Kila nilipopanda yeye alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mbali. Nilirudi kwake siku baada ya siku, na kila siku nikaliona pipa limesimama pale pale chini ya mchirizi, mfuniko umebanwa, kikombe cha bati juu yake. Nilianza kukosa usingizi. Mwanamke ambaye nilimheshimu miaka yote, anauza damu ya mjukuu wake kwa ukaidi?

Ndipo akafariki ami yake, mzee aliyeishi hapo hapo nyumbani kwake, aliyezeeka mpaka alikuwa amesahau ugomvi wake wote. Msiba wa mtu aliyeshiba miaka una nafasi ya kicheko, na kicheko hicho ni kazi ya watani. Mnajua desturi: siku ya kuanua tanga mtani anaweza kushika chochote cha wafiwa, kuku, jembe, sufuria ya pilau, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Wanakikomboa kwa chochote, au wanakiacha kiende. Nikasema, Alhamdulillahi, mlango umefunguka.

Nikaenda nimevaa gwanda langu la zamani, kofia ya chuma kichwani. Dua ilipokwisha na watu wakingoja chakula, nikapiga kelele: "Moto! Moto kwa hawa wachoyo! Nimekuja kukamata maji yao yote!" Watu wakacheka. Nikalikimbilia pipa.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: pipa limejaa, lina uzito wa wanaume watatu, halibebeki. Lakini nikilipiga bega kwa nguvu zangu zote za ujana zilizobaki, litainama, maji yatamwagika, na pipa tupu nitaondoka nalo. Niliihesabu mara mbili. Nikarudi nyuma, nikachukua mbio, nikalipiga bega.

Lilikuwa tupu.

Mnaelewa mtu anayesukuma mlango uliofunguliwa? Pipa liliruka, mimi nikaruka juu yake, tukabingirika pamoja kuteremka ua, kofia ya chuma ikaenda upande wake, tukapita katikati ya mashekhe, tukaishia kwenye jiwe la jiko la pilau. Jino likabaki hapo. Wafiwa walicheka mpaka mjane wa marehemu akakaa chini kushika mbavu. Watani wangu wenyewe walisema haijawahi kutokea tanga kuanuliwa vizuri namna ile.

Bi Somoe akaja akasimama juu yangu.

"Maji yako wapi?" nikamuuliza, damu mdomoni.

"Nilimwaga siku ile ile aliyokuja yule binti," akasema taratibu, kwa sauti ambayo haikuwa ya utani. "Mwajuma anakunywa maji ya ndoo ya jirani. Ulidhani mjukuu wangu nitamchezea?"

"Sasa kwa nini ulinisumbua? Kwa nini ulikuwa unaniambia niongeze?"

Alilitazama pipa, lile jina lililochomwa kwa msumari limegeukia juu.

"Maji nimeyamwaga, mtani," akasema. "Mwenyewe nimmwage wapi?"

Nimebadilishana vitu maisha yangu yote na hapo sikuwa na bei.

Yeye alikuwa nayo. Alijifuta macho kwa pembe ya kanga, akageukia watu, sauti ikarudi ya mtani: "Amelikamata pipa, sheria ni sheria, siligomboi. Achukue! Lakini pipa hili lilikuwa kazi ya mume wangu. Anayechukua pipa la Chande achukue na kazi ya Chande. Maji ya nyumba hii yatatoka kwake, kutoka bombani, mpaka mtoto atembee."

"Mpaka atoke arobaini," nikasema, nikijaribu kuinuka.

"Mpaka atembee."

"Mpaka atambae."

"Mpaka atembee, na akichelewa kutembea ni bahati yako." Umati ukaitikia amina. Mashekhe nao.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, kilo zake nilizipima mara mbili kwa mizani ya korosho, mkunga akakasirika. Wamempa jina la babu yake. Nabeba ndoo kila asubuhi, na kila asubuhi namhimiza yule mtoto asimame. Ananitazama tu. Nadhani bibi yake amemwambia.

Sasa nakuja kwenye shida yangu, ndiyo sababu nimeshika kalamu. Mapipa manane yako nyuma ya nyumba yangu, kwenye banda la mbuzi, na mbuzi wamehamia barazani. Nilimuuliza Koplo Zaituni niyafanyeje. Usiyachome moto, babu, moshi wake ni balaa lingine. Usiyazike, yataingia kwenye maji. Usiyatupe baharini, usimpe mtu, usiyakate. Nikasema basi njoo uyachukue. Akasema wanafuatilia mahali.

Na kila Ijumaa baada ya swala Bi Somoe anakuja na mjukuu mgongoni. Hasogei karibu. Anasimama penye kivuli cha paa, anamgeuza mtoto, anamwonyesha kwa kidole: "Lile la pembeni, lenye maandishi. Hilo la babu yako." Kisha ananigeukia mimi na kuniuliza, kama anavyouliza kila Ijumaa, "Mtani, umempatia mahali?"

Ninyi mmesoma kuliko sisi, mna povu jipya na glavu za mikono yote miwili. Mwenye kujua mahali pa kuweka kitu kisichooza, ambapo hakitamfikia mtoto wa mtu, aniandikie kabla ya Ijumaa.